Msiipunguze nguvu ree ya shupaza

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Sikusafiri wala sikuugua. Nilikuwa nabishana na dada yangu kuhusu karata moja, na kwa kuwa nilishindwa, sikuwa na hamu ya kuandika chochote.

Karata yenyewe ni ree ya shupaza. Vijana wa hapa Voi wanaiita esi, wazee wa Pwani wanaiita ree, lakini sote tunamaanisha ile yenye alama moja nyeusi katikati, mfano wa moyo uliopinduliwa ukatiwa kikonyo. Kama umewahi kucheza Kadi popote nchini Kenya basi unaijua, na huenda umewahi kununiana na mtu kwa ajili yake.

Swali la ubishi wetu ni hili: je, karata hii ina nguvu mno hata inaharibu mchezo? Ungeniuliza miezi miwili iliyopita ningekujibu ndiyo, tena ningekutolea na hesabu. Leo nakujibu hapana. Cha kuchekesha ni kwamba hesabu ni zile zile.

ILIVYOANZA

Dada yangu anafanya kazi Muscat, huu ni mwaka wake wa pili. Kwetu ni milimani, upande wa Wundanyi, ambako jioni ukungu hushuka na baridi yake si ya mchezo (watu wa Voi wakipanda huko hutetemeka saa kumi na moja jioni, wakati hapa chini bado tunajipepea). Tulipokuwa wadogo umeme ulikatika mara kwa mara, na ukikatika Baba alifungua kabati, akatoa pakiti ya karata, akawasha taa ya chemni. Mama hakuzipenda karata. Kwake zilikuwa za wacheza kamari. Baba akamwahidi kwamba nyumbani mwetu haitachezwa hata shilingi moja: atakayebaki wa mwisho ataosha vyombo. Ahadi hiyo ilimtuliza Mama, maana sufuria iliyopikiwa kimanga inajulikana ilivyo kazi kuisugua.

Basi mwaka huu dada akanitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Tutengenezee Kadi kwenye simu, tuwe tunacheza nikitoka kazini." Anatoka saa nne usiku, ambayo kwetu ni saa tatu, kwa sababu Oman wametutangulia saa moja. Nilifurahi sana. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu za watu wengine za ankara na stakabadhi. Mara ngapi mtu huombwa programu na dada yake?

Wikendi mbili zikatosha kupata kitu kinachocheza. Nikaanza kukijaribu, mimi dhidi ya kompyuta, usiku kucha. Nikaona kitu kikanikera: aliyepata ree ya shupaza, awe mimi au kompyuta, mara nyingi ndiye aliyeshinda. Nikajiambia hii ni kasoro ya muundo. Nikafuta mstari mmoja wa msimbo, nikafanya ree zote nne ziwe sawa, nikamtumia dada.

Alicheza mara moja tu. Jibu lake lilikuwa na maneno matatu: "Hii si Kadi."

SHERIA KWA UFUPI

Kwa wasioujua mchezo huu, hususan nyinyi wa Tanzania na Ghuba mliozoea michezo mingine ya karata, nieleze kidogo. Wajuzi ruka sehemu hii.

Pakiti ina karata 54 pamoja na majoka wawili. (Joka ni yule mcheshi mwenye kofia ya pembe, si nyoka wa Tsavo.) Kila mtu anagawiwa karata nne. Unateremsha karata inayolingana na ile ya juu kwa namba au kwa alama, yaani shupaza, kopa, uru au pau. Ukiwa na namba zinazofanana unaweza kuziteremsha kwa mpigo. Usipokuwa na kitu unaokota moja na zamu yako imekwisha. Anayemaliza karata zake ndiye mshindi, lakini sharti awe ametangaza "niko kadi" zamu moja kabla.

Kisha karata zina kazi zake:

1. Mbili, tatu na joka ni za kulisha. Anayefuata anaokota mbili, tatu au tano. Ziko 10.
2. Nane na malkia ni za swali. Ukiteremsha swali, lazima ulijibu mwenyewe. Ziko 8.
3. Ghulamu anamruka mtu mmoja, mfalme anageuza mzunguko. Jumla 8.
4. Ree inazuia kulishwa, au inaomba alama unayoitaka. Ziko 4.
5. Nne, tano, sita, saba, tisa na kumi ni za jibu. Ziko 24, na ni hizi tu zinazoruhusiwa kumaliza mchezo.

Hizo ni sheria za kwetu. Kwenu huenda mnagawa tatu, huenda adhabu zinajumlishwa, huenda joka mweusi hawezi kukaa juu ya kopa. Kadi haina mwenyewe, na kila benchi lina katiba yake. Jambo hili nitalirudia.

Sasa, ree ya shupaza inahesabiwa kama ree mbili ndani ya karata moja. Ree ya kawaida inasema "nataka kopa". Ree ya shupaza inasema "nataka saba ya kopa", alama pamoja na namba. Ukilishwa joka, inazuia kwa nguvu ya kwanza na kuomba alama kwa nguvu ya pili. Ndani ya programu yangu ilikuwa hivi:

kama karata ni REE na alama ni SHUPAZA: nguvu = 2
kama karata ni REE ya alama nyingine: nguvu = 1

Mstari wa kwanza ndio nilioufuta.

NGUVU YAKE

Tuseme umebaki na karata mbili: ree ya shupaza na saba ya kopa. Unateremsha ree, unasema, "Niko kadi. Nataka saba ya kopa." Angalia ulichofanya. Katika pakiti nzima saba ya kopa ni moja tu, nayo iko mkononi mwako. Umefunga mlango kwa kufuli lenye ufunguo mmoja, na ufunguo uko mfukoni mwako. Wengine wote wanaokota mmoja mmoja, zamu inakurudia, unaweka saba mezani, mchezo umekwisha.

Kuna njia moja tu ya kukuzuia: mtu awe na ree mojawapo kati ya tatu zilizobaki, aiteremshe, afute ombi lako na kuomba lake.

Kwa hiyo swali la nguvu ya karata hii ni swali la hesabu: kuna uwezekano gani kwamba hakuna mwenye ree mezani? Tuchukulie hujaona karata nyingine yoyote. Ziko 52 usizozijua, ree tatu zimo humo, na mpinzani wako mmoja ana karata nne. Uwezekano wa kwamba hana ree hata moja ni 48 × 47 × 46 ukigawanya kwa 52 × 51 × 50. Jibu ni asilimia 78 hivi.

Asilimia 78! Yaani ukiipata ree ya shupaza pamoja na karata moja ya jibu, karibu mara nne kati ya tano umeshinda, na mpinzani hana la kufanya ila kuangalia. Mchezo gani huo? Nilimtumia dada hesabu hii kama wakili anavyoweka ushahidi mezani. Nikangoja akubali.

Akaniuliza swali moja: "Umecheza na watu wangapi?"

NILIPOKOSEA

Nilikuwa nimecheza na kompyuta, basi. Wawili.

Nyumbani hatukuwahi kucheza wawili. Kulikuwa na Baba, dada, mimi na binamu yetu aliyekaa kwetu alipokuwa akisoma. Mara nyingine jirani alivuta kigoda. Nikarudia hesabu ile ile, nikibadilisha idadi ya watu tu, kila mmoja akiwa na karata nne:

Mezani watu 2: ombi lako linapita kwa asilimia 78.
Mezani watu 3: asilimia 60.
Mezani watu 4: asilimia 45.
Mezani watu 5: asilimia 32.

Mkiwa wanne tayari iko chini ya nusu. Ukiiteremsha unabahatisha, tena bahati inaegemea upande wa wenzako. Na hapo bado mchezo haujaendelea. Tuseme mmekuwa mkicheza, karata 20 zimeshaonekana mezani, na hakuna ree hata moja kati yake. Usizozijua sasa ni 32, ree zote tatu bado zimo humo, na wapinzani watatu wameshika 12. Uwezekano wako umeshuka hadi asilimia 23. Lakini kama katika zile 20 ree mbili zilishateremshwa, imebaki moja tu ya kukutia hofu, na uwezekano wako unapanda hadi asilimia 62 na nusu.

Karata ni ile ile. Kilichobadilika ni watu waliokaa na karata zilizopita. Asiyehesabu ree zinazopita hana haki ya kulalamika kwamba ya shupaza ni ya bahati.

Wanafunzi wa programu, lichukueni hili kutoka kwangu bila malipo: nilipima karata ya meza ya watu wanne kwa meza ya watu wawili, nikaona kasoro, nikaitibu. Hesabu ilikuwa sahihi, ila mezani palikosa watu.

UDHAIFU WAKE

Tukiacha idadi ya watu, karata yenyewe ina udhaifu ambao mashabiki wake hawapendi kuutaja.

Kwanza, haimalizi mchezo. Ukibaki nayo peke yake mkononi huna ushindi. Utaiteremsha, utaokota nyingine, utaanza kuomba Mungu. Nne ya uru ambayo hakuna anayeijali inaweza kufunga mchezo, ree ya shupaza haiwezi.

Pili, inatoboa siri yako. Ukisema "nataka saba ya kopa" umewaambia watu wote ulichoshika. Mmoja akikuzuia kwa ree ya pau na kuomba pau, hutaiona kopa tena mpaka kesho. Kila mtu anajua mlango wako ni upi na kila mtu anausukumia kiti. Mchezaji mzuri huogopa kusema anachokitaka mbele ya watu watatu, na ana sababu.

Tatu, inakufanya bahili. Jirani anakulisha joka. Uizuie kwa ree ya shupaza? Mpango wako wa kufuli umekwenda. Uishike? Okota tano, na mpango umekwenda vilevile kwa sababu sasa una karata saba mkononi. Ree ya kawaida katika hali hiyo huiteremshi kwa majonzi. Hii ya shupaza unaiangalia mara mbili, na wakati unaiangalia wenzako wamekusoma usoni.

Nilipeleka suala hili kwenye benchi moja la karibu na steji, ambako waendesha bodaboda husubiri abiria wa magari ya Mombasa. Mmoja wao akasema karata kubwa ni joka, mambo mengine ni ya wasomi. "Joka anakula mtu tano hapo hapo, ndugu yangu. Ree inaomba tu. Kuomba ni kuomba." Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akinywa chai akamjibu, "Na akikuzuia kwa ree, joka wako amekula nini?" Kijana hakuwa na jibu. Lakini baadaye nilifikiri akanigusa: ni kweli ree ya shupaza haimwumizi mtu. Haikulishi tano. Inakufunga njia kwa mzunguko mmoja, basi. Nguvu yake yote ni kwamba wenzako wanaweza kukosa ree. Wakiwa nayo, umejivua nguo.

WENZETU WALIFANYAJE?

Suala la karata yenye nguvu kupita kiasi si letu peke yetu. Kuna mchezo wa karata za kukusanya na kubadilishana uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Kule kila mchezaji hujipangia pakiti yake, na karata mpya hutolewa kila mwaka, kwa hiyo wachezaji hutumia muda mwingi wakipima karata moja moja: nguvu yake nini, udhaifu wake nini.

Mwaka 2004 ilitoka karata iitwayo Skullclamp. Ni kifaa unachomvisha kiumbe wako mezani. Kinamwongezea nguvu ya kushambulia kwa moja na kumpunguzia uhai kwa moja, na kiumbe huyo akifa unaokota karata mbili. Ukiisoma haraka, kule kupunguza uhai ni hasara. Wachezaji wakagundua haraka kwamba ndiyo faida yenyewe. Mvishe kiumbe mdogo mwenye uhai mmoja tu, anakufa papo hapo, unaokota mbili. Mvishe mwingine. Anakufa. Okota mbili. Udhaifu ulioandikwa juu ya karata ukawa mashine ya kuokota. Katikati ya mwaka huo huo wenye mchezo wakaipiga marufuku katika mashindano yao makuu.

Nilimtajia dada mfano huu kama ushahidi wangu wa mwisho: unaona, hata wakubwa hufuta karata. Akanijibu kwamba wale wana kampuni, na kampuni inaweza kuamua. "Kadi ni ya nani, mdogo wangu? Nani alikupa ruhusa ya kufuta?"

Na hata kampuni zenyewe hazisikilizwi siku zote. UNO ilibuniwa mwaka 1971 na kinyozi wa Ohio, Marekani, aitwaye Merle Robbins, na sasa inamilikiwa na Mattel. Mwaka 2019 wenye UNO walitangaza mtandaoni kwamba mtu akikuwekea karata ya kuokota nne, huruhusiwi kuweka juu yake karata ya kuokota mbili ili anayefuata aokote sita. Watu duniani kote wakapiga kelele na kuendelea kucheza walivyozoea. Mwenye mchezo kasema, na wachezaji wamekataa!

Jirani zetu wa Uganda wana mchezo wa ukoo mmoja na Kadi, unaitwa Matatu, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Kola Studios ya Kampala waliutengenezea programu ya simu. Nawaheshimu sana kwa kazi hiyo. Lakini kila programu ya mchezo wa benchi ina hatari moja: mwandishi wa programu anakuwa msemaji wa sheria bila kuchaguliwa na mtu. Benchini, ukileta sheria ngeni utabishiwa mpaka ueleweke au unyamaze. Kwenye simu hakuna wa kubishana naye. Kitufe hakipo, basi. Mtoto atakayejifunza Kadi kwa programu yangu angekua akiamini ree zote ni sawa, na asingejua kwamba palikuwa na ubishi.

Hapo ndipo niliposhindwa kweli. Niliona kwamba nimefanya jambo ambalo Baba mwenyewe, aliyekuwa na pakiti na kabati na taa, hakulifanya. Yeye alibadilisha sheria moja tu, ile ya pesa, tena kwa makubaliano na Mama.

LAKINI TULIKUWA WAWILI

Nikaurudisha mstari. Usiku ule tukacheza, yeye Muscat na mimi Voi. Na mnajua kilichotokea? Ilikuwa vibaya. Hesabu haikudanganya: tulikuwa wawili, na aliyeishika ree ya shupaza alikuwa karibu kila mara anamaliza. Mchezo wa tatu aliniomba tisa ya pau, nikaokota, akamaliza. Mchezo wa nne nikamfanyia vilevile. Hakucheka, nami sikucheka. Tulisema usiku mwema mapema kuliko tulivyopanga.

Nililala nikifikiri kwamba basi nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Mezani kuna watu wawili, karata ni nzito kwa watu wawili, ipunguzwe. Huo ndio uhandisi: tengeneza kitu kwa hali iliyopo.

Asubuhi nikaufikiria tena nikiwa kwenye matatu ya Mwatate. Dada hakuniomba mchezo wenye uwiano mzuri wa asilimia. Aliomba Kadi ya nyumbani. Ree ya shupaza ilitengenezwa na meza yenye watu wengi, na udhaifu wake mkubwa haukuandikwa juu yake kama ule wa Skullclamp. Udhaifu wake ni wenzako. Ni Baba kushika ree ya pau kimya kimya kwa mizunguko sita akikungoja ujitangaze. Ukiondoa watu, umeondoa udhaifu, imebaki nguvu tupu. Nikiipunguza ili iwafae watu wawili, nitakuwa nimekubali kwamba tutabaki wawili.

Kwa hiyo sikugusa karata. Niliongeza viti. Programu sasa haianzi mpaka wakae watu watatu au zaidi. Binamu yetu yuko Mombasa, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Baba alikuwa kazi kidogo: simu yake ni ndogo, na kwa wiki nzima alikuwa akibonyeza mfalme akidhani ni ghulamu. Nikakuza herufi, nikaondoa mapambo yote niliyokuwa nikijivunia, nikaweka majina ya karata kama anavyoyasema yeye. Ilinichukua muda mrefu kuliko wikendi zangu mbili za mwanzo, na ni msimbo ambao hakuna mwajiri atakayeuona.

Jumamosi ya kwanza tulikaa wanne. Saa tatu na dakika kumi dada akateremsha ree ya shupaza. "Niko kadi. Nataka sita ya uru." Binamu akaokota. Mimi nikaokota. Ikaja zamu ya Baba. Simu ikakaa kimya, tukadhani mtandao umekatika huko juu. Kisha ikatokea ree ya kopa, na sauti ya Baba kwenye simu: "Nataka shupaza, mwanangu. Pole."

Kelele alizopiga dada nadhani jirani zake wa Muscat walizisikia.

MSIMAMO WANGU

Nimalize kwa kusema wazi ninachokitetea, mpate cha kunipinga.

Moja: ree ya shupaza ibaki ree mbili. Anayetaka kuipunguza nguvu anioneshe kwanza amecheza na watu wangapi.

Mbili: mkiwa wawili tu na hamna jinsi, kubalianeni kabla ya kugawa kwamba usiku huo ree zote ni sawa. Kubalianeni kwa mdomo, kila mara, kabla ya karata ya kwanza. Ugomvi mwingi wa Kadi niliouona maishani haukuletwa na karata. Ulitokana na sheria iliyotajwa baada ya mtu kukaribia kushinda.

Tatu: sisi tunaoandika programu za michezo ya nyumbani tusijifanye wenye mchezo. Tuweke sheria kama chaguo, na tumwache mchezaji aone kwamba pana chaguo. Katika toleo langu la sasa, kabla ya kugawa, programu inauliza maswali matano: mnagawa ngapi, ree ya shupaza ni moja au mbili, joka anafuata rangi au hafuati, adhabu zinajumlishwa au hapana, na wa mwisho anafanya nini. Swali la tano halina kazi yoyote ndani ya msimbo. Nililiweka kwa ajili ya Baba.

Jumamosi ile, kwa taarifa yenu, aliyebaki wa mwisho alikuwa dada. Dakika ishirini baadaye akatutumia picha ya sahani mbili na sufuria moja zikikauka kando ya sinki, Muscat. Mama aliitazama sana, akauliza kama huko anakula peke yake. Halafu akasema Jumamosi ijayo na yeye agawiwe, akaone hizo karata zina nini.

Watu watano. Asilimia 32. Sina wasiwasi na karata hiyo tena.

Haya, kwa leo naishia hapa. Kama kwenu ree ya shupaza inafanya kazi tofauti, niambieni mnavyocheza na mtaje mnatoka wapi. Siahidi kuwakubalia, ila naahidi kuongeza swali la sita.